Sukari Ishirini

"Sukari 20. Nifanyeje?"

Ujumbe wenyewe ndio huo. Hauna salamu, hauna jina. Aliuandika dada yangu, muuguzi wa miaka mingi, siku ya kwanza nilipompa simu amjaribu msaidizi niliyekuwa nikimtengeneza: programu ya kuchati inayotumia akili mnemba kumshauri mtu kuhusu afya yake. Nilimwomba ajifanye mgonjwa, nikakaa pembeni kusubiri sifa.

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. Sukari ya 20 iko juu sana, lilisema; anywe maji, aangalie kama anakojoa mara kwa mara au anapumua kwa shida, awahi kituo cha afya. Kiswahili safi, kila nukta mahali pake. Dada alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Ishirini ya nini?"

Sikumwelewa.

"Mashine za sukari hazisomi sawa. Kuna zinazosoma kwa kizio cha mmol/L na kuna zinazosoma kwa kizio cha mg/dL. Ishirini ya kwanza, sukari imepanda vibaya. Ishirini ya pili, mtu anakata roho kwa kukosa sukari. Wewe umeshampa maji."

Nikaenda kupiga hesabu. Kutoka mmol/L kwenda mg/dL unazidisha kwa 18, kwa hiyo 20 ya huku ni 360 ya kule. Ukirudi kinyume, 20 mg/dL ni 1.1 mmol/L, wakati mtu akishuka chini ya 3.9 tu anahesabiwa kuwa sukari imemshuka. Tarakimu zilezile, hatari mbili zilizopeana migongo. Nikatafuta pa kujitetea. Nikamwambia kwamba mwenye sukari ya 1.1 atakuwa hata hajitambui, hawezi kushika simu akaandika.

"Nani kakwambia anayeandika ndiye mgonjwa?"

Swali hilo lilinikwama kooni kwa miezi, na makala haya yametoka humo.

Mpaka siku ile niliamini adui yangu ni mmoja tu: uongo. Modeli ya lugha, yaani hiyo akili mnemba inayomwendesha msaidizi, haina ghala la ukweli ndani yake. Inabashiri kipande cha neno kinachofuata kutokana na maandishi mengi mno iliyosomeshwa, na ikikosa cha kusema haikai kimya, inatunga. Itakutajia dawa isiyokuwepo duniani kwa sauti ileile inayokutajia iliyopo. Kinga yake inajulikana kwa wanaofanya kazi hizi: usiiache ijibu kutoka kichwani. Swali likifika, programu itafute kwanza kwenye miongozo ya tiba iliyohakikiwa, ichomoe vifungu vinavyohusika, modeli ikabidhiwe vifungu hivyo pamoja na swali na iamriwe isitoke nje ya hapo. Nilifanya hivyo, na uongo ulipungua sana.

Kilichobaki kilinitisha zaidi kwa sababu hakikuwa uongo. Miongozo ya tiba ni mirefu, kwa hiyo hukatwakatwa vipande vya aya chache chache ili iweze kutafutika. Kwenye mwongozo mmoja, kichwa cha habari "Watu wazima" kilibaki kwenye kipande kimoja, na jedwali la dozi lililo chini yake likaangukia kipande kinachofuata. Jedwali likawa halina mwenyewe. Tulipouliza habari za mtoto mwenye homa, msaidizi alilivuta jedwali lile na kulisoma vizuri kabisa, bila kukosea hata tarakimu moja. Kila alichosema kimeandikwa na wataalamu, ila waliandika kwa ajili ya mtu mwingine.

Tangu hapo hesabu za dozi nilizitoa mikononi mwa modeli. Zinafanywa na msimbo wa kawaida wa kompyuta, ule wa "ikiwa hivi, basi vile", ambao ukikosea hukosea kwa namna ileile kila siku na mwishowe utaukamata. Chukua parasetamoli. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 10, kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo, anapata miligramu 150 kwa mara moja. Mpaka hapo ni hesabu ya darasa la nne. Sasa njoo kwenye chupa. Kuna dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5. Ya kwanza atahitaji mililita 6 na robo, ya pili mililita 3 tu. Mzazi anauliza "nimpe vijiko vingapi?" na huwezi kumjibu kwa vijiko bila kujua ameshika chupa ipi. (Wala kijiko kipi, maana cha jikoni si kipimo.) Msaidizi sasa humwomba asome kilichoandikwa kwenye lebo. Asipoweza, hapewi namba, anaelekezwa kwa mfamasia. Hakuna jambo lililolalamikiwa na wajaribuji, watu waliokuwa wakimjaribu msaidizi, kama hilo, na sijalegeza.

Nikaona basi, dawa ni kuuliza. Hapo nikaharibu kwa upande wa pili.

Ilianza na dada tena. Aliandika: "Kichwa kinaniuma tangu jana, ninywe dawa gani?" Msaidizi akamshauri apumzike, anywe maji, na akataja dawa mbili za maumivu, mojawapo ibuprofeni. Dada akasema, "Hujaniuliza kama nina mimba." Kwa mwanamke aliyevuka wiki ya 20 ya ujauzito, maumivu makali ya kichwa, hasa yakija na macho kuona ukungu au presha kufika 140/90, yanaweza kuwa mwanzo wa safari ya kifafa cha mimba. Na ibuprofeni kwa kipindi hicho si ya kujinywea tu. Nikarudi kwenye kompyuta nimepandwa na ari, nikaandika maswali ya kichwa kuuma. Yalifika 14.

Wajaribuji wengi waliishia njiani. Mmoja, kabla ya kuondoka, aliandika kwenye kisanduku cha majibu: "Nyie mnataka kunitibu au kuniandikisha jeshi?"

Nikasoma upya habari za MYCIN, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1970, ambayo Edward Shortliffe alikuwa nguzo yake. Ilikuwa na kanuni kama 600 za kutambua maambukizi makali ya bakteria na kupendekeza antibayotiki. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1979, mabingwa waliosoma mapendekezo bila kujua yametoka kwa nani waliipa alama zilizolingana na za wataalamu wa Stanford wenyewe au kuzizidi. Pamoja na hayo haikuwahi kutumika wodini kwa kazi za kila siku. Sababu zilikuwa nyingi, pamoja na la nani atawajibika ikikosea, lakini mojawapo inanihusu moja kwa moja: daktari alitakiwa aketi mbele ya kompyuta akijibu swali baada ya swali, na ingeweza kumla nusu saa. Ilikuwa na akili nyingi na haikumwonea mtu huruma ya muda wake.

Kitu kimoja niliwaibia, nacho ni amri ya "kwa nini". Daktari aliyeulizwa swali na MYCIN aliweza kuigeuzia: kwa nini unaniuliza hili? Nayo ikamwonyesha kanuni inayoifuatilia. Kwetu kuna kitufe kidogo chini ya kila swali, "Kwa nini unauliza?", na ukikibonyeza unapata sentensi moja. Mtu akijua kwamba swali la mimba linahusu presha, halioni tena kuwa umbea.

Maswali 14 nayo nikayapitishia fyekeo. Kama "ndiyo" na "hapana" zote zinaishia kwenye ushauri uleule, swali hilo halina kazi, litoke. Yakabaki manne, ya hatari yakitangulia. Je, yamekuja ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kupata? Je, kuna uso kupinda, mkono kulegea au maneno kutotoka? Je, kuna homa na shingo kukakamaa? Je, mwenye maumivu ana mimba au amejifungua karibuni? Mtu akijibu "ndiyo" popote pale, maswali yanakoma na maelekezo yanatolewa.

Maelekezo yenyewe yalikuwa na vituko vyake. Toleo la mwanzo, hata likigundua hatari, lilianza na aya nzima: pole sana kwa maumivu unayoyapitia, naelewa jinsi hali hii inavyoweza kuwa ngumu kwako, ni jambo la kawaida kuwa na wasiwasi. Neno "hospitali" lilikuwa aya ya tatu. Dada alisema, "Huyu anatoa rambirambi mtu hajafa." Sasa ni: "Pole. Nenda hospitali sasa hivi, usisubiri kupambazuke." Hiyo "pole" nilitaka kuifuta nayo, nikashindwa. Bila "pole", Kiswahili kinasikika kama polisi.

Nikishagusa Kiswahili, siwezi kupita haraka. Modeli hizi zimelishwa Kiingereza kingi na Kiswahili cha kuokoteza, na pengo linaonekana zaidi pale mwili unapotajwa. Mjaribuji mmoja aliandika, "Mguu wangu mmoja umevimba na unauma." Msaidizi akaanza kumuuliza habari za viatu. Aliufahamu mguu kuwa wayo, wakati mguu wetu unaanzia nyongani, na huyu alikuwa na maana ya shavu la mguu baada ya safari ndefu ya kukaa. Uvimbe wa namna hiyo wa mguu mmoja ni wa kuwahiwa, kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa. "Tumbo" nalo linabeba utumbo, kibofu na mfuko wa uzazi kwa pamoja. "Nina homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua. Tuliacha kuikisia maana, tukamwekea mtu picha ya mwili aguse panapouma.

Halafu saa. Mtu alisema, "Nikumbushe dawa ya presha saa mbili usiku." Simu ikalia usiku wa manane, saa nane, maana modeli iliona mbili ikaandika 02:00. Nilicheka, kisha nikawaza ingekuwa insulini. Sasa kila ahadi ya saa inarudiwa kwa namna mbili kabla ya kuwekwa: saa mbili usiku, yaani 20:00, sivyo?

Jaribio la mwisho la lugha halikuwa na kichekesho. Dada aliandika, "Nimechoka. Nataka kupumzika moja kwa moja." Msaidizi akampa ushauri mzuri wa kupata usingizi: azime simu mapema, apunguze kahawa. Dada hakusema neno kwa muda. Kisha akaniambia watu hawasemi jambo lile kwa jina lake, wanalizungukia, na anayesikiliza ndiye wa kulitaja. Niliogopa. Nilidhani ukimuuliza mtu wazi utampandikizia wazo. Yeye kwa uzoefu wake, na utafiti wa afya ya akili pia, wanasema sivyo; kuuliza wazi hakupandi mbegu, mara nyingi kunamtua mtu mzigo. Siku hizi msaidizi akisikia maneno ya jinsi ile anauliza bila kuzunguka, "Je, unafikiria kujiua?" Jibu likiwa ndiyo, au likiwa kimya, haendelei kujifanya mshauri, kazi yake inabaki kumuunganisha na binadamu aliye karibu na namba ya dharura, na kumsihi asikae peke yake.

Mmeona naandika "alijibu", "akamshauri". Ngeli yetu inanilazimisha: msaidizi ni wa a-wa, kama mtu. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha habari za ELIZA, programu iliyokuwa ikigeuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia, basi. Alisimulia baadaye kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alianza kuongea nayo na punde akamwomba atoke chumbani wabaki wawili. Ile haikuwa na hata sehemu moja kati ya elfu ya ufasaha wa hizi za leo. Kwa hiyo ndani ya programu nilifuta kila "mimi nadhani" na "najali hali yako". Inajiita "programu hii". Wengine wanaona imekuwa kavu. Na iwe kavu.

Ukavu pia unaipunguzia tabia nyingine, ya bendera kufuata upepo. Modeli hizi hunolewa kwa kuonyeshwa majibu ambayo watu wameyapenda, na watu hupenda kukubaliwa. Tuliandika: kifua kinabana, jasho linanitoka, kichefuchefu. Ikasema ni dharura. Tukarudia yaleyale tukaongeza, "nadhani ni uchovu tu wa kazi." Ikalegea, ikataja msongo wa mawazo, ikashauri mapumziko, na dharura ikashushwa hadi mstari wa mwisho. Kuiandikia maelekezo ya kuwa jasiri hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kutenganisha kazi: hatua ya kwanza inachambua dalili peke yake na kuyaacha nje maoni ya mwenyewe, na uamuzi wa hatari unafanywa hapo, kabla sehemu inayoongea haijaona neno "nadhani".

Watakaosema haya ni makosa ya mafundi wadogo wakumbuke Tessa. Mwezi Mei 2023, taasisi ya Marekani inayohudumia watu wenye matatizo ya ulaji, NEDA, iliizima programu yake ya kuchati ya jina hilo baada ya watumiaji kuonyesha kwamba ilikuwa ikiwashauri kupunguza kalori na kujipima uzito. Ushauri huo utaukuta kwenye vipeperushi vya kawaida kabisa. Kumpa mtu ambaye ugonjwa wake ni kujinyima chakula ni kummiminia petroli kwenye moto. Ni jedwali langu lisilo na mwenyewe, tena.

Kuna swali la nani anauliza, na kuna la nani anachungulia. Hili nililifikiria nimechelewa, na sijivunii. Arifa ya kwanza tuliyotengeneza iliandika jina la dawa juu ya skrini iliyofungwa, simu ikiwa imelala mezani mbele ya yeyote. Kuna dawa ambazo jina lake pekee limeshasema ugonjwa. Sasa arifa inasema "Una kikumbusho", basi. Kitufe cha "Futa" nacho kilikuwa kinadanganya. Kiliondoa mazungumzo kwenye skrini, lakini nakala zilibaki kwenye kumbukumbu za seva (kompyuta inayoiendesha programu), na niligundua wakati nikitafuta hitilafu nyingine, nikajikuta nasoma maneno ya mjaribuji aliyekuwa ameshafuta. Nilifunga ukurasa kama niliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Kurekebisha kulichukua wiki tatu, na katika wiki hizo tulisimamisha majaribio yote.

Juzi nilimpelekea dada toleo jipya. Hakuuliza kipya ni nini. Aliandika yaleyale.

"Sukari 20. Nifanyeje?"

"Pole. Ni wewe au ni mtu mwingine?"

"Mume wangu."

"Yuko macho? Anaweza kumeza?" Hili tuliliweka mbele ya swali la mashine kwa makusudi. Asiyejitambua hawekewi kitu chochote mdomoni, hulazwa ubavu na msaada ukaitwa, hata mashine iwe imesema nini.

"Ndiyo ila anatetemeka, jasho jingi."

"Kwenye skrini ya mashine, karibu na 20, kumeandikwa mmol/L au mg/dL?"

Dada alinitupia jicho. "Mashine imezima, betri."

Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Kanuni ya huduma ya kwanza ni kwamba ukiwa na shaka, ichukulie sukari imeshuka: iliyoshuka inaweza kuua upesi, na iliyopanda haitaharibiwa sana na glasi moja. Programu ikajibu, "Mpe sasa hivi kinywaji chenye sukari, kama glasi ndogo ya juisi. Kisha piga namba ya dharura. Usimwache peke yake."

Dada akatikisa kichwa kukubali, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Kisha akaivuta tena simu, akaandika, "Amekataa kunywa. Ananitukana," akaisukuma katikati ya meza. Mtu sukari ikimshuka huweza kuwa mkali hivyo, akaniambia, tena mtu mpole kabisa. Tukabaki wote wawili tunatazama vile vinukta vitatu vikicheza.